Ugali, dawa na mashine ya sukari: nilivyopunguza wanga

Mwaka 2019, nikiwa na miaka 47, niliambiwa nina kisukari aina ya pili. Dalili zilikuwa zile zile zinazotajwa kila mahali: kiu isiyokatika, kuamka usiku kwenda haja ndogo, ganzi kwenye vidole vya miguu. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ilisoma 13.6 mmol/L. Kipimo cha HbA1c, kile kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita, kilisoma asilimia 9.8. Mtu huhesabiwa ana kisukari kuanzia 6.5.

Nilipewa metformin, vidonge vya kushusha sukari, pamoja na ushauri ambao wagonjwa wengi wa kisukari nchini wanaujua kwa moyo. Acha sukari kwenye chai. Acha soda. Kula ugali wa dona badala ya sembe, au wa mtama, au wa muhogo. Nikafuata. Nyumbani kwetu Tabata tukahama kwenye sembe, chai nikainywa kavu, na kila asubuhi nilitembea mpaka barabara kubwa na kurudi. Niliporudi kliniki sukari ilikuwa imeshuka kidogo tu, na daktari akaanza kuzungumzia kuongeza dawa ya pili.

Sikuikataa dawa, ila nilimwomba anipe muda, nikanunua mashine ya kupimia sukari. Stripu zake ni ghali kwa mshahara wa mwalimu, kwa hiyo sikutaka kuzichoma ovyo. Niliamua kupima vyakula vile vile ninavyokula kila siku: napima kabla ya kula, kisha saa mbili baada ya kula. Chai kavu na mihogo ya kuchemsha: kutoka 8.1 hadi 14.0. Wali maharage: kutoka 7.9 hadi 13.2. Ugali wa dona na sato, chakula nilicholelewa nacho Sengerema na nilichoambiwa ndicho salama: kutoka 7.6 hadi 14.4. Siku nyingine nikala sato yule yule, mchuzi ule ule na mchicha, lakini ugali matonge matatu tu. Mashine ikasoma 9.0.

Nilikaa na karatasi ile mezani muda mrefu. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba dona nayo ni wanga kama sembe. Dona ina nyuzinyuzi zaidi, ina vitamini zilizobaki kwenye pumba na kiini, ni unga bora, hilo sibishi. Lakini gramu 100 za unga wa mahindi, uwe umekobolewa au haukukobolewa, zina gramu 75 hadi 80 za wanga. Mtama na uwele haviko mbali na hapo, na unga wa muhogo karibu wote ni wanga. Wanga ni glukosi zilizoshikana mnyororo. Mate yanaanza kuukata mdomoni, utumbo unamalizia, na kinachoingia kwenye damu ni glukosi, ile ile tuliyokuwa tunaikimbia kwenye kijiko cha chai.

Nikachukua mizani ya jikoni, nikapima tonge langu. Lilikuwa na gramu 40 hivi, yaani takriban gramu 10 za wanga. Sahani yangu ya kawaida, ambayo kwa Msukuma ni sahani ya heshima tu wala si kubwa, ilikuwa na matonge kumi na kitu. Hizo ni zaidi ya gramu 100 za wanga kwa mlo mmoja. Chupa ya soda ya mililita 350 ina takriban gramu 37 za sukari. Mchana nilikuwa nakula wanga wa soda tatu, usiku nakula tena, na mtu ameniambia kwa nia njema kabisa kwamba niko kwenye lishe ya kisukari.

Hapo ndipo nilipoanza kupunguza wanga kwa makusudi. Mwanzoni nilibana sana, chini ya gramu 50 kwa siku. Ugali, wali, chapati, viazi, ndizi za kupika, mkate, uji, vyote viliondoka. Vikaja matembele ya karanga, kisamvu, mlenda, nyanya chungu, bamia, kabichi, mayai, samaki wa kila aina, dagaa wa Kigoma, kuku, mtindi usio na sukari, parachichi. Mchana nilikuwa nachukua sahani, naweka dagaa waliokaangwa na kitunguu na nyanya, matembele mengi kando, nusu ya parachichi lenye chumvi na ndimu, basi. Nilishiba. Hilo lilinishangaza kuliko yote, kwa sababu tangu utotoni nilijua kushiba ni ugali.

Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu. Kichwa kiliuma, nilichoka nikipanda ngazi za shule, na usiku misuli ya miguu ilikaza mpaka naruka kitandani. Baadaye nilielewa sababu. Wanga ukipungua, insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, nayo inashuka, na insulini ikishuka figo huachia chumvi na maji mengi kupitia mkojo. Mchuzi wa samaki wenye chumvi na maji ya kutosha vilinisaidia ndani ya siku chache. Mimi sina presha. Mwenye presha asiongeze chumvi kwa kusoma maneno yangu, kwa sababu kwake hali ni nyingine kabisa, na anayetumia dawa za presha anaweza pia kukuta presha inashuka na dawa zinahitaji kuangaliwa upya. Choo nacho kilikuwa kigumu mpaka nilipoongeza mlenda na bamia. Mdomo ulitoa harufu ya ajabu, kama dawa ya kutolea rangi ya kucha. Hiyo ni asetoni, moja ya ketoni ambazo ini hutengeneza kutokana na mafuta wanga unapokuwa haba.

Uzito ulishuka haraka sana mwanzoni, na watu wakaanza kuuliza kama naumwa. Sehemu kubwa ya kilo zile za mwanzo ilikuwa maji. Mwili huhifadhi glukosi kwenye ini na misuli kwa umbo la glaikojeni, na kila gramu ya glaikojeni hukaa na takriban gramu tatu za maji. Akiba hiyo ikitumika, maji yake yanatoka. Baadaye kasi ikapungua, ikawa kilo moja kwa mwezi, wakati mwingine hakuna kitu. Nalisema hili kwa sababu wapo wanaouza programu za lishe kwa picha za watu waliopungua wiki mbili za kwanza. Wiki mbili za kwanza hazikuambii lolote kuhusu mafuta ya tumboni.

Baada ya miezi kadhaa HbA1c yangu ilikuwa 6.6. Ganzi ya vidole ilipungua, ingawa haijaisha. Usiku nalala. Daktari, ambaye mwanzoni alikunja uso nilipomweleza ninachokula, alichukua daftari langu la vipimo akalipitia ukurasa kwa ukurasa, kisha akasema ile dawa ya pili haihitajiki kwa sasa. Namheshimu sana kwa kulisoma daftari lile.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike makala hii.

Baba yangu mdogo, anayeishi Sengerema, ana kisukari kwa miaka mingi kuliko mimi, na alikuwa anatumia glibenclamide. Alitumiwa kwenye simu orodha ya vyakula: kula hivi, usile vile, kisukari kitaondoka. Mzee ana nidhamu. Aliacha ugali, viazi na mihogo siku hiyo hiyo, akaendelea kumeza vidonge vyake kama alivyoandikiwa. Siku ya tatu walimkuta shambani amekaa chini ya mwembe, jasho limemloanisha shati lote, anatetemeka na maneno yake hayaeleweki. Jirani aliyekuwa na mashine alimpima: 2.3. Chini ya 4 sukari imeshaanza kuwa hatari, na 2.3 inaweza kumpeleka mtu kwenye degedege na kupoteza fahamu. Kwa bahati alikuwa bado anaweza kumeza. Wakamnywesha maji yenye sukari nyingi, akarudiwa na akili, wakampeleka hospitali. Huko alilazwa, kwa sababu glibenclamide hukaa mwilini kwa saa nyingi na sukari inaweza kushuka tena hata baada ya mgonjwa kuonekana amepona.

Glibenclamide hulazimisha kongosho kutoa insulini, umekula au hujala. Daktari aliyemwandikia dozi ile alimwandikia mtu anayekula ugali mara mbili kwa siku. Ugali ukaondoka, dozi ikabaki. Anayechoma sindano za insulini yuko kwenye hatari hiyo hiyo, na zaidi. Zipo pia dawa mpya zaidi, kama dapagliflozin na empagliflozin, ambazo hutoa sukari kwa njia ya mkojo. Ukizitumia huku umekata wanga kabisa, damu inaweza kujaa asidi ya ketoni hata kama mashine inaonyesha sukari ya kawaida. Metformin peke yake, niliyokuwa natumia mimi, mara chache sana hushusha sukari kupita kiasi. Kwa hiyo mimi na baba mdogo tungeweza kukaa meza moja, tukala sahani moja, mimi nikainuka salama na yeye akaanguka. Lishe inayoweza kushusha sukari kiasi hicho ni dawa, na dawa mbili zinazofanya kazi moja hupangiwa dozi pamoja. Orodha ile ya kwenye simu haikuwa na mstari hata mmoja unaouliza: unatumia dawa gani?

Hili linaniuma kwa sababu naona watu wazima wengi, wenye miaka 60 na 70, wanavyobeba ujumbe kama ule kwa imani yote. Wamechoka kumeza vidonge. Wameona ndugu zao wakikatwa miguu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban asilimia 9 ya Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari, na yeyote anayekaa kwenye benchi la kliniki anaona foleni ilivyo. Mtu aliyekaa kwenye foleni hiyo tangu alfajiri, akaonana na daktari dakika chache tu, ana haki ya kutafuta maarifa kwingine. Ninachotamani ni kwamba kliniki zenyewe zimpe nafasi ya kusema: nataka kupunguza ugali, naomba tuangalie dawa zangu.

Wapo wanaosema huu ni mtindo wa Wazungu uliokuja juzi. Sivyo. Kabla ya insulini kugunduliwa Toronto mwaka 1921, madaktari hawakuwa na njia nyingine ya maana ya kumtunza mgonjwa wa kisukari zaidi ya kumnyima wanga na sukari. Huko Paris, daktari Apollinaire Bouchardat aliona sukari kwenye mkojo wa wagonjwa wake ikipungua wakati wa mzingiro wa 1870, jiji lilipokuwa na njaa. Mwaka huo huo wa 1921, daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, alipendekeza mlo wa mafuta mengi na wanga kidogo sana kwa ajili ya wagonjwa wa kifafa, na hadi leo hospitali zinautumia kwa baadhi ya watoto ambao dawa zimeshindwa kuwatuliza.

Wengine wananiletea Wamasai. Mbona wao waliishi kwa nyama, maziwa na damu na mioyo yao ilikuwa mizima? Ni swali zuri, na lina majibu. Mtafiti wa Kimarekani George Mann aliwachunguza Wamasai wa Tanganyika, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1964: kolesteroli ilikuwa chini na dalili za ugonjwa wa moyo zilikuwa chache sana, licha ya mlo wa mafuta. Lakini mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha uchunguzi wa maiti za Wamasai, na mishipa ya moyo ilionekana kuwa na utando wa mafuta kama ya Wamarekani wazee. Kilichowaokoa, kwa maoni yao, ni kwamba mishipa ile ilikuwa mipana, na wakauhusisha upana huo na kutembea. Mtu anayetembea na ng'ombe kutwa nzima tangu utoto si mimi ninayesimama darasani na kurudi nyumbani kwa daladala. Na Wamasai wengi leo wanakula ugali kama sisi.

Mimi mwenyewe kolesteroli ilinipa onyo. Katika miezi ile ya kubana sana nilikuwa napika kila kitu kwa tui zito, samli, na nyama ya ng'ombe yenye mafuta yake, kwa sababu orodha nyingi zinasema mafuta ya asili kula upendavyo. LDL, ile kolesteroli inayoziba mishipa, ilipanda kutoka 3.2 hadi 4.6. Kwa mwenye kisukari, ambaye moyo wake tayari uko hatarini, namba hiyo si ya kufumbia macho. Mafuta ya nazi, pamoja na uzuri wake wote jikoni, zaidi ya asilimia 80 ni mafuta mgando, na hayo ndiyo yanayopandisha LDL. Nikahamia kwenye samaki, karanga, parachichi na mafuta ya alizeti, tui nikaliweka kwa siku maalumu, na maharage nikayarudisha kwa kikombe kidogo. Ikashuka hadi 3.7. Si kila mtu LDL yake hupanda hivyo, lakini hujui wewe ni yupi mpaka upime.

Nimesoma pia tafiti, kadiri ninavyoweza, na zimenifanya niwe mwangalifu na madai makubwa. Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2018 kilitoa matokeo ya watu 609 waliofuatiliwa miezi 12, nusu wakipunguza wanga na nusu wakipunguza mafuta. Makundi yote mawili yalipungua kilo tano hadi sita kwa wastani, bila tofauti ya maana. Na utafiti wa DiRECT wa Uingereza, uliochapishwa mwishoni mwa 2017, ulionyesha kwamba karibu nusu ya wagonjwa wa kisukari aina ya pili waliowekwa kwenye mpango wa kupungua uzito walishuka chini ya kiwango cha kisukari bila dawa baada ya mwaka mmoja. Wale walikuwa wanakunywa vinywaji maalumu vyenye nishati ndogo sana, na zaidi ya nusu ya nishati hiyo ilikuwa wanga. Walichofanya ni kupungua uzito sana, na waliopungua kilo 15 au zaidi ndio waliofanikiwa zaidi. Kwa hiyo nikiulizwa kama wanga ndio adui, nasema mwili wangu unashindwa kuumudu wanga mwingi kwa mkupuo, na kuupunguza kulinisaidia kupungua. Mwingine atafika huko kwa njia nyingine. Chama cha Kisukari cha Marekani kwenye ripoti yake ya 2019 kiliukubali mlo wa wanga kidogo kama mojawapo ya njia za kushusha sukari, pamoja na nyingine, na nadhani hapo ndipo ulipo ukweli.

Nyumbani haikuwa rahisi. Mama mkwe wangu, anayeishi nasi, alinitazama wiki nzima nikila mboga na samaki, kisha akaniita chumbani kwake. "Mwanangu, kuna nini? Kama ni hela ya unga, semeni." Nikamwambia, "Hapana mama, ni sukari." Hakuridhika. Siku moja nilimpima yeye mwenyewe, kabla na baada ya ugali, nikajipima na mimi, tukaziweka namba zake na zangu pamoja. Yake ilipanda kidogo tu, ikarudi. Yangu ilipaa. Alizitazama namba zile, akashika mkono wangu, na tangu hapo yeye ndiye anayenitengea matonge yangu kabla ya wengine hawajapakua, na ndiye anayewajibu wageni.

Gharama nayo ni lazima isemwe. Trei moja ya mayai ni bei ya kilo kadhaa za unga. Familia inayolisha watu saba kwa sufuria moja ya ugali haiwezi kuambiwa inunue samoni na jibini kama zile lishe za mitandaoni zinavyoandika. Dagaa, matembele na karanga ndivyo vilivyonibeba mimi, na vinapatikana soko lolote. Wengine wa nyumba wanaendelea na ugali wao, nami natoa sahani yangu kwenye chungu kile kile cha mboga.

Kwenye misiba na shughuli nakula kilichopo, ila naanza na mboga na nyama, wali namalizia, na kidogo. Watafiti wa Weill Cornell, New York, walionyesha mwaka 2015, kwa kikundi kidogo cha wenye kisukari aina ya pili, kwamba mpangilio huo peke yake unapunguza sukari inayopanda baada ya mlo. Nimejipima msibani, nyuma ya nyumba, nikakuta ni kweli hata kwangu.

Ule ubanaji wa chini ya gramu 50 sikuuendeleza. Sasa niko kwenye gramu 100 hivi kwa siku: matonge matatu ya ugali mchana, kikombe kidogo cha maharage au kunde usiku, tunda moja, mara nyingi pera au kipande cha papai. HbA1c imesimama kwenye 6.4 na metformin naendelea nayo. Baba mdogo amebadilishiwa dawa. Anakula nusu ya ugali aliokuwa anakula, anapima asubuhi, na mwanawe anapeleka daftari kliniki. Mimi mwezi ujao napimwa macho, figo na LDL tena. Daktari anataka nianze dawa ya kolesteroli hata kama namba itashuka, kwa sababu ya umri wangu na kisukari, na nimekubali.